Tapeti Hazijui Bei ya Oili

Mwenye Peugeot 404 akiingia dukani leo na kuomba oili bora kuliko zote, huenda akashushiwa kopo la sintetiki la 0W-20, lenye herufi SP na bei ya kumtoa jasho. Ni oili nzuri kweli. Imetengenezwa kwa ajili ya injini ya juzi, yenye nafasi finyu mno kati ya vyuma vyake na kompyuta inayopima kila tone la petroli. Ukiimimina kwenye injini ya mwaka 1966, umenunua ubora ambao injini hiyo haina pa kuuweka, na umekiacha rafuni kile ilichokuwa inakihitaji.

Nachukua 404 kwa sababu Afrika Mashariki inaijua. Iliingia sokoni mwaka 1960, ikashinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Nje ya mashindano ilibeba abiria, magunia na mbuzi mpaka watu wakadhani haifi. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Kamshafti iko chini, ndani ya bloku, nayo husukuma fito ndefu zinazokwenda kufungua valvu huko juu. Kati ya kamshafti na kila fito kuna tapeti, na suala zima la oili linaanzia hapo.

Beringi za krankshafti zina raha. Pampu huzisukumia oili, na injini ikishashika mwendo chuma huelea juu ya utando wa oili bila kugusana na chuma mwenzake. Kamu na tapeti hazina bahati hiyo. Nundu ya kamu huja ikisugua uso wa tapeti huku springi ya valvu ikikandamiza kutoka upande wa pili, na sehemu inayogusana ni mstari mwembamba tu. Oili hukamuliwa ikatoka. Kinachookoa chuma hapo ni kiungo chenye zinki, fosforasi na salfa, ambacho kwenye karatasi za oili huandikwa ZDDP. Joto na mgandamizo vikipanda, kiungo hicho huvunjika na kuacha tabaka jembamba juu ya chuma. Tabaka ndilo hulika badala ya chuma, kisha hujijenga tena. Kilianza kutiwa kwenye oili katika miaka ya 1940, na mwanzoni kilithaminiwa zaidi kwa kuzuia oili isioze na beringi zisiliwe na asidi.

Shida ni kwamba fosforasi hiyo hiyo, injini inapounguza oili kidogo kidogo, hutoka na moshi na kukiharibu kifaa cha kusafishia moshi kilichofungwa kwenye ekzosi za magari ya kisasa. Basi viwango vya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, vikaanza kuibana. Daraja la SJ, mwaka 1996, liliweka ukomo wa asilimia 0.10 ya fosforasi. SM, mwaka 2004, likaushusha hadi 0.08. Wenye injini mpya hawakuumia, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimepewa roli zinazobingirika pale ambapo zamani chuma kilisuguana. 404 haina roli, wala haina kifaa cha moshi cha kulindwa. Imepunguziwa dawa kwa ugonjwa wa gari jingine.

Lakini wapenzi wa magari ya kale wanaopiga kelele kwamba oili zote za leo ni sumu nao wanazidisha chumvi. Ukomo huo uliwekwa kwa oili nyepesi, 5W-30, 10W-30 na nduguze. 20W-50 haikubanwa hivyo. Kopo la 20W-50 la kampuni inayoaminika, hata likiwa na herufi SL au SN, laweza kuwa na fosforasi ya kutosha kabisa. Laweza, sikusema lazima. Uhakika uko kwenye karatasi ya vipimo ambayo kampuni kubwa huitoa kwa kila oili yao: tafuta zinki na fosforasi zinazokaribia au kuzidi kidogo sehemu 1,000 kwa milioni. Ukizikuta, zile chupa ndogo za kuongezea zinki hazikuhusu. ZDDP ikizidi mno nayo hudhuru chuma, na mwenye kuchanganya kwa kukadiria hajui amefika wapi.

Njia nyingine, inayopendwa na mafundi wengi, ni oili ya dizeli ya 15W-40. Herufi C ni za dizeli, S ni za petroli. Kopo lililoandikwa CI-4/SL limepimwa kwa injini zote mbili, na kwa kawaida lina ZDDP nyingi kuliko oili nyepesi za petroli. Kwa 404 inayotembea kila siku mjini, isiyo na pesa ya majivuno, mimi ningeitia bila wasiwasi.

Oili ya kuikimbia ni ile ya bei ya kutupa yenye herufi SA au SB. Kuna anayedhani gari la zamani lastahili daraja la zamani. API yenyewe inasema SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930, na SB haifai kwa zilizotengenezwa baada ya 1951. Hata 404 ya kwanza kabisa ilizaliwa ikiwa imechelewa.

Sasa uzito, jambo linalozua ubishi mkubwa gereji kuliko linavyostahili. Katika 20W-50, namba yenye W hupimwa kwenye baridi. Kwa 20W ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Dar es Salaam baridi hiyo iko ndani ya friza tu, na hata asubuhi ya Julai huko Nairobi au Iringa haisogei karibu nayo. Namba ya pili hupimwa kwa nyuzi 100, joto la injini inayofanya kazi, na hiyo ndiyo yetu. Injini za enzi zile ziliachiwa nafasi kubwa kidogo kwenye beringi, na miaka imezitanua zaidi. Oili ya 20 au 30 huponyoka upesi na shinikizo likashuka. Ya 40 au 50 hutulia. Oili ya uzito mmoja, SAE 40 kwa mfano, bado inafaa pwani, ila 20W-50 hufika juu kwenye valvu mapema zaidi unapowasha asubuhi kuliko SAE 50 tupu.

Usipande zaidi ya hapo kwa kufurahisha geji. Injini iliyochoka ukiitilia oili nzito kama asali, mshale utapanda, kwa sababu oili inashindwa kupita. Geji hupima shinikizo. Haikuambii ni kiasi gani kimefika kwenye tapeti. Na injini inayokula oili kwa sababu ringi zimekwisha itaila hata iliyo nzito, polepole kidogo.

Mini ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1959, ina kisa chake. Giaboksi yake iko ndani ya sampu ya injini, vyote vikioga oili moja. Polima zinazoifanya oili ya 20W-50 isiwe nyepesi mno ikipata moto hukatwakatwa na meno ya gia, na oili hurudi kuwa nyepesi kabla ya wakati wake. Mwenye Mini abadilishe oili mapema, hata kama kopo linaahidi kilomita nyingi.

Volkswagen Beetle nayo imezaa imani isiyokufa. Injini yake hubeba lita 2.5 tu, hupozwa kwa upepo na kwa oili hiyo hiyo, na haina filta, ila wavu wa chuma. Basi husemwa kwamba itiwe oili isiyo na sabuni, yaani viungo vya kusafisha, ili uchafu uzame chini badala ya kuzunguka. Si kweli. Uchafu hauzami sampuni peke yake. Huganda kwenye vijia vya oili na kwenye kipozeo. Oili yenye sabuni huubeba, nawe huumwaga pamoja nayo kila kilomita 5,000, kama kiwanda kilivyoelekeza. Tahadhari ni moja tu: injini iliyolala miaka mingi ikiwa imejaa tope la oili kavu, usiiamshe kwa oili ya sabuni na kuingia nayo barabarani. Fungua sampu kwanza, kwangua, safisha.

Wakati wa hatari kuliko wote ni siku injini iliyofungwa upya kwa kamshafti na tapeti mpya inapowashwa mara ya kwanza. Uso wa tapeti, ingawa huitwa bapa, una mbinuko kidogo sana, na nundu ya kamu ina mteremko mdogo, ili tapeti izunguke inaposukumwa. Nyuso hizo zinapaswa kuzoeana. Zikizoeana vibaya, kamu huanza kulika papo hapo, na hakuna oili itakayoirudisha. Paka mafuta mazito ya kufungia kamshafti, tia oili ya kuzoezea yenye ZDDP nyingi, jaza kabureta na weka moto wa plagi sawa kabla ya kupiga stata, kisha shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika kwa dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo. Kuiacha ingurume polepole ndiko kunakoua, kwa kuwa kamu hulainishwa zaidi na oili inayorushwa na krankshafti. Ukimaliza, mwaga oili hiyo.

Sintetiki si adui. Tetesi kwamba huvujisha injini kuukuu zina asili yake kwenye oili za mwanzo na sili za wakati huo. Leo sili ikivuja, imezeeka. Ila kulipa bei mara mbili kwa oili utakayoimwaga baada ya miezi kadhaa, kwa sababu kabureta imeichanganya na petroli, ni uamuzi wa mfuko. Gari linalotoka gereji Jumapili tu libadilishiwe oili kila mwaka hata kama halijatembea.

Ukimaliza injini ya 404, ingia chini uangalie difu. 404 nyingi zina gia ya skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Oili za gia za GL-5, zilizojaa salfa ya kuhimili mgandamizo, zinaweza kuila shaba hiyo kidogo kidogo. Kemia inayoiokoa tapeti kule mbele ina binamu anayetafuna gia huku nyuma, kwa hiyo muulize muuzaji oili ya gia iliyoandikwa kuwa ni salama kwa shaba, na kama hana, usimkubalie aliyonayo.