Je, Wajua? Msumeno wa Mkanda na Siri Zake Kabla ya Swichi Kuwashwa

Karakana nyingi za fanicha, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi kando ya Ngong Road jijini Nairobi, hutumia mashine ndefu yenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, yanayozungusha mkanda wa chuma wenye meno. Ni msumeno wa mkanda, ambao mafundi wengi huuita bendisoo. Kelele zake ni chache kuliko za msumeno wa duara na si rahisi urushe ubao, ndiyo maana wengi huuona mpole. Upole huo hauji wenyewe. Unatokana na namna ulivyofungwa na kurekebishwa kabla haujawashwa. Haya hapa ni mambo ambayo kila anayeusogelea anastahili kuyajua.

Je, wajua kwamba mashine hii ilikwamishwa na kiungo kwa karibu miaka 40?

Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwanzoni mwa karne ya 19. Wazo lilikuwa zuri, ila mikanda ya wakati ule ilikuwa ikikatika ovyo, hasa pale ncha mbili zilipoungwa. Suluhisho lilitoka Ufaransa. Mwaka 1846 mwanamke aitwaye Anne Paulin Crépin aliomba hataza ya mbinu yake ya kuunga ncha hizo, kisha akauza haki ya kuitumia kwa kampuni ya Périn ya Paris. Kampuni hiyo ilitumia mbinu yake pamoja na chuma bora zaidi, na msumeno wa mkanda ukaanza kuaminika.

Hadi leo kiungo ndicho mahali pa kwanza pa kukagua. Kisiwe na uvimbe, kisiwe kimepinda, wala kisiwe na ufa. Ukisikia mlio wa "tik, tik, tik" unaojirudia kwa mpangilio wakati mkanda unazunguka, zima mara moja. Mara nyingi huo ni ufa au kiungo kibaya kinachogonga kila kinapopita.

Je, wajua kwamba mkanda hukunjwa zaidi ya mara 40,000 kwa saa?

Kwa kazi ya mbao, mkanda hukimbia takribani mita 900 kwa dakika, sawa na kilomita 54 kwa saa, mwendo wa daladala kwenye barabara iliyo wazi. Mkanda wa mashine ndogo ya karakana, yenye magurudumu ya kipenyo cha sentimita 35 hivi, una urefu wa karibu mita 2.4. Maana yake, kila jino hupita mbele yako zaidi ya mara sita kwa sekunde moja. Na katika kila mzunguko mkanda hujikunja mara mbili, kwenye gurudumu la juu na kwenye la chini. Piga hesabu: hizo ni kama mara 45,000 kwa saa.

Chuma nacho huchoka. Nyufa ndogo huanzia kwenye nafasi zilizo kati ya meno, kisha hupanuka taratibu. Ndiyo maana mkanda uliozeeka haufai kuhurumiwa kwa sababu tu bado unakata.

Je, wajua kwa nini mkanda hauchomoki kwenye gurudumu?

Magurudumu ya mashine nyingi hayana ukingo wa kuzuia mkanda usitoke. Siri iko kwenye mpira uliovishwa juu yake: umetuna kidogo katikati. Mkanda uliokazwa hupenda kupanda kuelekea sehemu iliyo juu zaidi, hivyo hujirudisha wenyewe katikati. Gurudumu la juu nalo lina kirungu cha kuliinamisha mbele au nyuma ili mkanda upate njia yake.

Kazi hii hufanywa plagi ikiwa imechomolewa, kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono polepole, vidole vikiwa mbali na meno. Angalia pia mpira wenyewe. Utomvu na unga wa mbao vikigandamana juu yake, ule mtuno hupotea na mkanda huanza kuyumba. Brashi ngumu na dakika chache tu zinatosha kuusafisha.

Je, wajua kwamba mkanda mpya unaweza kuwa "umevaliwa" kinyume?

Meno ya msumeno wa mkanda lazima yaelekee chini, kwenye meza. Hapo nguvu ya kukata huukandamiza ubao mezani. Meno yakielekea juu, huuinua ubao na kuurusha.

Hutokea fundi akageuza mkanda huku na huku na bado meno yanatazama juu. Wengi hudhani wameuziwa mkanda mbovu, kumbe umegeuka ndani nje. Vaa glavu nene, ushike kwa mikono miwili, uupindue kama mtu anayegeuza mkono wa shati. Meno yatakaa sawa. Hapo ndipo glavu zinapohitajika. Kabla ya kuwasha mashine zivuliwe, kwa sababu kitambaa au ngozi ikinaswa na meno, mkono wote hufuata.

Je, wajua kwamba marekebisho yana mpangilio, na ukiuvuruga unaanza upya?

Kwanza chomoa plagi. Pili, vizuizi vyote vinavyoushika mkanda usiyumbe, vya juu ya meza na vya chini yake, virudishwe nyuma visiguse mkanda. Tatu, ning'iniza mkanda kwenye magurudumu na uukaze. Nne, zungusha kwa mkono na uinamishe gurudumu la juu hadi mkanda utulie. Ndipo vizuizi vinasogezwa.

Vizuizi vya ubavuni huachiwa mwanya wa unene wa karatasi kila upande. Weka kipande cha karatasi kati ya kizuizi na mkanda, kaza skrubu, kisha ichomoe. Vikae nyuma kidogo ya meno, kwa kuwa vikigusa meno, meno yataharibika ndani ya sekunde chache. Beringi ya nyuma ibaki na mwanya wa kama nusu milimita, izunguke tu pale ubao unaposukumwa. Ikizunguka muda wote bila kazi, imesogezwa mno. Malizia kwa kupima meza na mkanda kwa guni, funga milango yote miwili inayofunika magurudumu, kisha urudishe plagi.

Je, wajua kwamba milimita 6 zinaweza kuokoa kidole?

Vizuizi vya juu vimeshikwa na nguzo inayopanda na kushuka. Kabla ya kukata, ishushe hadi ibaki kama milimita 6 tu juu ya ubao. Faida zake ni mbili kwa pamoja. Mkanda unashikwa karibu na kazi, hivyo hauyumbi, na sehemu kubwa ya meno inafunikwa. Fundi anayeiacha nguzo juu siku nzima kwa kuwa ana mbao nene na nyembamba mchanganyiko anajinyima yote mawili.

Je, wajua kwamba upana wa mkanda ndio unaoamua kona?

Mkanda wa milimita 6 hukata kona yenye nusu kipenyo cha takribani milimita 16. Wa milimita 10 unahitaji kama milimita 37, na wa milimita 13 unahitaji zaidi ya milimita 60. Ukiulazimisha mkanda mpana kwenye kona kali, hupinda, hupata moto, na mwisho hukatika. Kama umbo lina kona nyingi, kata kwanza mikato mifupi ya kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, ili vipande vidondoke vyenyewe unapoufuata mstari.

Usirudi nyuma kwa njia ndefu yenye kona wakati mkanda unazunguka, kwa maana ubao huweza kuuvuta mkanda utoke kwenye magurudumu. Zima, subiri usimame kabisa, ndipo uutoe ubao.

Je, wajua kwamba meno machache ndiyo hukata mbao nene vizuri?

Wengi huamini kwamba meno mengi ni ukali zaidi. Kwa ubao mnene ni kinyume chake. Nafasi kati ya meno ndiyo inayobeba unga wa mbao na kuutoa nje. Meno yakisongamana, unga hujaa, mkanda hupata moto na njia hupinda. Kwa kupasua ubao mnene, mafundi huchagua mkanda wa meno matatu hivi kwa inchi. Kwa ubao mwembamba kanuni ni nyingine: walau meno matatu yawe ndani ya mbao kwa wakati mmoja, vinginevyo jino moja hubeba mzigo wote na kurarua.

Je, wajua kwamba mkanda huu huokoa mbao?

Msumeno wa duara wa karakana hula kama milimita 3 kila unapopita. Mkanda mwembamba hula kama milimita 1. Ukipasua gogo mara kumi, msumeno wa duara umegeuza milimita 30 kuwa unga, mkanda milimita 10. Tofauti hiyo inatosha mbao nyembamba mbili zaidi za milimita 6.

Ndiyo sababu hesabu hii ina uzito katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kule Mafinga na Njombe, ambako misonobari mingi bado hupasuliwa kwa mashine za duara zinazojulikana kama "ding dong". Mkato wa mashine hizo ni mpana na mti mwingi huishia kwenye lundo la unga. Kila kiwanda kidogo kinachohamia kwenye msumeno wa mkanda hupata mbao nyingi zaidi kutoka kwenye mti uleule uliotunzwa kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba mvule unaweza kuficha jiwe?

Ndani ya shina la mvule hujitokeza vijiwe vigumu vya kalsiamu. Havionekani kwa nje. Jino likikutana na kijiwe hupoteza makali au huvunjika papo hapo. Ukiwa unapasua mvule na ghafla mlio ukabadilika na ubao ukagoma, usiongeze nguvu. Zima, kagua.

Mpingo nao una ukaidi wake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ugumu wake ndio unaoufanya utafutwe kwa kutengenezea klarineti na obo. Unahitaji mkanda mkali na mkono usio na haraka. Mkanda butu kwenye mpingo huunguza, hukengeuka, na humshawishi fundi asukume kwa nguvu. Ajali nyingi huanzia kwenye nguvu hiyo: ubao ukiachia ghafla, mkono unakwenda mbele.

Je, wajua kwamba mti wa duara ndio wenye hila?

Kwa kuwa meno hukandamiza ubao kwenye meza, msumeno wa mkanda hauutupi kumwelekea fundi kama ufanyavyo wa duara. Lakini sharti ubao ulale vizuri. Kipande cha mviringo, kama tawi au mguu wa kiti, hugeuzwa na meno kwa ghafla na kuvuta vidole pamoja nacho. Kilaze kwenye kitako chenye mfereji wa umbo la V, ukifunge imara.

Mashine za jamii hiihii ndizo zinazokata mifupa ya ng'ombe katika mabucha ya mijini. Mkanda unaopita kwenye paja la ng'ombe haupunguzi mwendo kwa ajili ya kidole. Basi mikono isikae kwenye mstari wa meno hata mara moja. Mwishoni mwa ubao tumia kijiti cha kusukumia, na vipande vilivyobaki mezani uviondoe kwa kijiti hichohicho.

Je, wajua kwamba swichi ikizimwa, hatari bado ipo?

Magurudumu ni mazito na huendelea kuzunguka baada ya mota kuzimwa. Mlio umetulia, mkanda unaonekana kama umesimama, kumbe bado unakata. Usifungue mlango wala kuokota kitu hadi uwe umeona meno yenyewe yametulia. Mkanda ukikatika kazini kwa kishindo, rudi nyuma, zima, na usifungue mlango hadi magurudumu yote yasimame.

Je, wajua kwamba vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani?

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Msumeno wa mkanda hutoa unga laini sana unaoelea hewani. Barakoa ya vumbi, miwani ya kinga, na mashine ya kufyonza au angalau hewa inayopita, ni sehemu ya kazi kama ilivyo mota.

Neno kwa wenye karakana

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Kwa mashine hii, kinga ipo, na karibu yote hufanywa plagi ikiwa bado imechomolewa. Jioni, legeza mkanda ili mpira wa magurudumu usibonyee, na ubandike karatasi inayosema umelegezwa, ili wa kesho asiwashe bila kuukaza. Tundika mpangilio wa marekebisho ukutani, karibu na swichi. Kijana anayejifunza kazi asiruhusiwe kuwasha hadi aweze kuufunga mkanda, kuukaza na kuuweka sawa mwenyewe mbele yako. Atachelewa siku chache kuanza kukata, lakini atazeeka katika useremala akiwa na vidole vyake kumi.