Je, Wajua? Kitenzi Kimoja, Mitikisiko Chungu Nzima

Je, wajua kwamba Wagiriki wa kale wakitaka kusema "natikisa" walisema *seio*? Hapo ndipo lilipotoka *seismos*, yaani tetemeko, na elimu nzima ya matetemeko ikaitwa seismolojia. Herufi nne tu, msomaji!

Ulikuwa Kigoma au Ujiji tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa alasiri na ushei? Basi *seismos* unaijua kwa miguu yako. Ardhi ilitikisika chini ya Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha 6.8, na hata Nairobi kule maghorofa yakayumba.

Tena hilo ni dogo! Tarehe 13 Desemba 1910, upande wa Rukwa, lilipiga la 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika.

Unashangaa? Ziwa letu limekaa ndani ya ufa. Kina chake ni mita 1,470, kiasi kwamba sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari.

Sasa sogea karibu, hili ndilo nilipendalo zaidi. Mathayo aliposimulia dhoruba iliyokipiga chombo cha wanafunzi wa Yesu ziwani, kwa Kigiriki aliandika *seismos*. Tetemeko la maji! Mvuvi wa Kibirizi aliyewahi kukutwa na upepo usiku, karabai zikiwaka, hahitaji kuelezwa.

Na madeni je? Yapata mwaka 594 K.K., Solon wa Athens aliwafutia watu madeni yao na kuwakomboa waliokuwa watumwa kwa kushindwa kulipa. Tendo hilo likaitwa *seisachtheia*: kuutikisa mzigo hadi uanguke. Mpagazi aliyefika Ujiji kwa miguu kutoka Bagamoyo, kilomita 1,200 hivi, mzigo kichwani, angelielewa neno hilo papo hapo.

Hata ala ya muziki imo. Njuga ya mkononi ya Wamisri wa kale, Wagiriki waliiita *seistron*, "kitikiswacho", na ndugu yake bado inalia makanisani Ethiopia hadi leo.

Nasi hatukulala! Tunayo *zilizala* ya Kiarabu, ambayo ni jina la sura ya 99 ya Kurani, na tunayo *tetemeka* yetu wenyewe. Hebu yatamke yote mawili haraka haraka, mara tatu. Umeusikia ulimi unavyotikisika?