Taa za Breki Zinazowaka na Kuzimika



Wengi wetu siku hizi tunakwenda kazini kwa magari ya kuchangia. Watu wanane au tisa wanashirikiana gari moja kuukuu lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na kila mmoja anatoa fedha ya petroli. Magari hayo yanatusaidia sana. Lakini yana taa nyingi mbele ya dereva, na taa hizo zikianza kuwaka na kuzimika zenyewe, ndipo wengi wetu tunapoibiwa fedha au tunapohatarisha maisha.

Tunalo gari moja la namna hiyo hapa kwetu, upande wa mashamba ya chai karibu na Fort Portal, Uganda. Msimu wa mvua taa mbili za njano zilianza kuwaka: ile iliyoandikwa ABS, na ile yenye picha ya gari linaloteleza. Zinawaka njiani, gari likizimwa na kuwashwa tena zinapotea. Baada ya siku chache ikaongezeka taa nyekundu ya breki, lakini kwenye kona na miteremko tu. Dereva akaenda gereji. Akaambiwa pampu ya ABS imekufa, na bei aliyotajiwa ilizidi mishahara ya miezi kadhaa. Alipolalamika, fundi akasema basi kwa fedha kidogo atatoa balbu zote tatu. Wenzetu wakakubali! Wiki tatu wakasafiri bila taa yoyote, wakifurahi. Siku moja karibu na lango la kiwanda pedali ya breki ikazama mpaka chini. Gari lilisimama kwa hendibreki na kwa kugonga ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia, lakini tusiseme zaidi.

Gari lilipofunguliwa, pampu ilikuwa nzima. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha mpaka chuma, na mafuta ya breki yalikuwa chini sana. Taa za njano nazo zilikuwa na sababu nyingine: waya mmoja kwenye gurudumu la mbele, upande wa kushoto.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutenganisha rangi. Taa nyekundu inahusu breki zenyewe. Ikiwaka, simamisha gari mahali salama, angalia kwanza kama hendibreki imeshuka vizuri, kisha fungua boneti utazame chupa ya mafuta ya breki. Ndani ya chupa mara nyingi mna boya. Mafuta yakipungua kidogo, boya hucheza. Kwenye kona au mteremko mafuta yanakimbilia upande mmoja na taa inawaka, barabara ikinyooka inazimika. Hiyo ndiyo siri ya taa nyekundu inayokuja na kuondoka. Wengi hujaza mafuta wakaona wamemaliza. Mafuta ya breki hayaliwi na injini! Yakipungua, ama pedi zimekwisha na mafuta yamefuata pistoni huko magurudumuni, ama yanavuja. Tafuta lipi kati ya hayo mawili kabla ya kuendelea na safari. Na ukijaza, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa mpya iliyofungwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya maji ya hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 205 za sentigredi. Ikinyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Mteremko mrefu wenye gari lililojaa watu unaweza kufikisha joto hilo, na mafuta yaliyochemka hayasukumi breki.

Taa ya njano ya ABS peke yake ni habari nyingine. Breki za kawaida bado zinashika. Kilichozimika ni ule msaada unaozuia magurudumu yasikamate kabisa unapokanyaga kwa nguvu penye utelezi. Endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele, na utafute sababu. Lakini ABS ikiwaka pamoja na ile nyekundu, usiendelee, maana katika magari mengi ndiyo dalili kwamba hata ugawaji wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umekosekana, na magurudumu ya nyuma yanaweza kukamata na kuzungusha gari.

Kwa nini taa ya utelezi huwaka pamoja na ya ABS? Kwa sababu zote mbili zinasoma vifaa vilevile. Kila gurudumu lina sensa ndogo inayohesabu mizunguko yake kwa kutazama pete yenye meno. Sensa moja ikinyamaza, taa zote mbili zinawaka. Taa mbili, ubovu mmoja. Anayekuuzia vipuri viwili kwa sababu ya taa mbili, mwulize vizuri.

Ubovu unaokuja na kuondoka hupatikana kwa kukumbuka ulikuja lini. Weka daftari ndani ya gari na uandike. Ikiwa taa huwaka baada ya mvua au baada ya kuosha gari, shuku soketi iliyoingia maji. Ikiwa ni wakati wa kukata kona au kupita mashimo, shuku waya uliokatika ndani ya ganda lake pale unapopindapinda kila usukani unapozungushwa. Nje unaonekana mzima kabisa. Ikiwa pedali hutetemeka gari likikaribia kusimama, ingawa barabara ni kavu, pete ya meno huenda imepasuka, au kutu na unga wa chuma vimejaa kwenye ncha ya sensa. Beringi iliyolegea huleta hayohayo. Na ikiwa taa nyingi huwaka kwa pamoja asubuhi, pima betri na altaneta kwanza. Usisahau matairi: tairi la saizi tofauti huzunguka kwa hesabu tofauti na wenzake, na kompyuta hudhani gari linateleza.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kulinganisha sensa ya kushoto na ya kulia, kama ni zile za zamani zenye koili. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, fundi anayejua plagi ya kupimia anaweza kuifanya taa ya ABS imweke kwa hesabu: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Asiyeijua plagi hiyo asiiguse, waya ukiwekwa pasipo pake unaweza kuunguza kompyuta.

Lile gari letu liliponyeshwa hivyo lilitoa 32. Waya uliungwa kwa risasi na kufungwa vizuri, pedi zikabadilishwa pamoja na mafuta, na gharama yote haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya ile pampu.

Anayenunua gari azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa hizi zote tatu ni lazima ziwake. Hendibreki ikishushwa na injini ikiwashwa, zizimike baada ya muda mfupi. Isiyowaka kabisa pengine imetolewa balbu. Na madereva wa magari ya kiwanda na shamba, mkiona taa nyekundu andikeni kwenye kitabu cha gari, tarehe na saa, na nakala apewe mwakilishi wa chama kabla gari halijapakia watu.