Kilimanjaro Hupandwa Polepole

Kupanda Kilimanjaro kwa njia za kawaida hakuhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Mtu hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kwa miguu yake tu. Kinachowarudisha wengi njiani ni hewa. Kuanzia pwani hadi kileleni, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, lakini kanieneo hupungua kadiri mtu anavyopanda, na kule juu kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyeko Tanga.

Mwili huzoea, ila hauharakishwi. Ndani ya saa chache pumzi huongezeka. Siku zinazofuata figo hutoa maji zaidi, ndiyo maana wapandaji hutoka hemani usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Chembe nyekundu za damu huhitaji wiki kadhaa kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo, anayechagua njia aangalie kwanza idadi ya siku. Marangu, njia pekee yenye vibanda vya kulala, huonekana nyepesi na wengi huimaliza kwa siku tano. Siku hizo hazitoshi. Anayeongeza siku moja ya kupumzika Horombo, kwenye mita 3,720, huupa mwili nafasi.

Machame huchukua siku sita au saba, na uzuri wake uko katika siku moja hasa. Wapandaji hutoka kambi ya Shira asubuhi na kupanda hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,500, ambako wengi hula chakula cha mchana huku vichwa vinawagonga. Kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, na mara nyingi kichwa hupona kabla ya chakula cha jioni. Bonde hilo lina mimea mirefu ya Dendrosenecio kilimanjari, isiyopatikana kwenye mlima mwingine wowote. Majani yake yakifa hayadondoki. Hubaki yamelizunguka shina kama blanketi, yakilikinga na baridi ya usiku.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni mambo ya kawaida. Kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema mtu akiwa amekaa ni dalili za hatari, na tiba yake ni kushuka mara moja, hata usiku wa manane. Dawa zipo za kusaidia mwili kuzoea, lakini hakuna inayochukua nafasi ya kushuka.

Safari yote hubebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Mzigo hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20. Wageni wakishaondoka, wagumu huvunja kambi, huwapita njiani wakiwa na mizigo kichwani, na wageni wakifika hukuta mahema yamesimama na maji ya moto yako tayari. Hata Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni Oktoba 1889, walifanikiwa kwa sababu wapagazi waliwapandishia chakula kambini. Safari inayouzwa kwa bei ya chini mno hupunguza gharama mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ujira, chakula na malazi ya watu hawa. Mgeni ana haki ya kuuliza wanalipwa kiasi gani, na anapaswa kuuliza.

Usiku wa mwisho mwendo huanza karibu na saa sita. Changarawe huwa imegandishwa na baridi, hivyo mguu hushika. Jua likishapanda huteleza. Chupa ya maji hubebwa kifudifudi, kwa kuwa barafu huanza kuganda juu na mdomo wa chupa hubaki wazi. Kiongozi mzuri huweka mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza nao, hata kama kundi jingine linapita.

Kileleni watu hukaa dakika chache tu. Waliopanda kwa njia ya Machame au ya Lemosho hushukia njia ya Mweka, na siku hiyohiyo huteremka zaidi ya mita 2,000. Mapafu hupata nafuu kila hatua, lakini magoti na vidole vya miguu huumia. Fimbo mbili za kutembelea, na kucha zilizokatwa kabla ya safari, husaidia sana.