Baba akisema ‘nimechoka tu’, cheka naye kisha mpeleke akapime

Ukipita Nambis, Mbulu, asubuhi ya Juni ukungu ukiwa bado mashambani, hutakosa kumwona baba aliyevaa koti juu ya sweta, blanketi juu ya koti, na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Anakohoa. Muulize hali yake, atakujibu kwamba yeye ni mzima kabisa, mgonjwa ni yule ndama.

Baba huyu yuko Nambis, yuko Dongobesh, yuko Katesh, na huenda yuko nyumbani kwako. Ndiye anayekoroma mbele ya redio, lakini ukiizima anashtuka: “Acha hiyo, nasikiliza taarifa ya habari.” Ndiye anayelishika gazeti mbali na uso na kulalamika kwamba siku hizi wanachapa herufi ndogo. Ukimwomba hela ya daftari anakutuma kwa mama. Ukifika kwa mama, unaambiwa hela anayo baba.

Juni ni mwezi wake. Jumapili ya tatu ya mwezi huu huadhimishwa Siku ya Baba, desturi iliyoanzia Spokane, Marekani, mwaka 1910, pale Sonora Smart Dodd alipotaka wababa waheshimiwe kwa sababu ya baba yake, mgane aliyebaki na watoto 6 wa kulea.

Ndugu msomaji, mzaha wa baba una kazi mbili nyumbani. Kazi ya kwanza ni kulea watoto, na kwa hiyo anastahili pongezi. Kazi ya pili ni kuficha maradhi yake, na hapo ndipo familia inapaswa kuwa macho.

Mchezo wa baba ni malezi

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka 3 ya mwanzo. Chakula na chanjo ni lazima, lakini mtoto anahitaji pia mtu wa kumjibu. Akitoa sauti, ajibiwe. Akicheka, achekewe. Baba anapojificha nyuma ya kofia na kutokea ghafla, au anapolia kama mbuzi na kusema ni ng’ombe ili mtoto amsahihishe, mtoto anajifunza kusubiri, kukumbuka, kutamka maneno na kuamini kwamba akiita ataitikiwa.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, inaliita jambo hilo malezi yenye mwitikio, na inaliweka sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto. Baba mcheshi analifanya kila jioni bila kuhudhuria semina.

Katika maeneo ya baridi kama Mbulu, baba ana kazi nyingine ambayo wengi hawajui kuwa wanaiweza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, hupoteza joto haraka. Wahudumu wa afya humfundisha mama kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha wote wawili wafunikwe vizuri. Mama anapohitaji kuoga, kula au kulala, baba anaweza kumpokea. Kifua cha baba kina joto la kutosha, kinachokosekana ni maziwa tu. Kwa baba aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya malipo ya angalau siku 3, mradi aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku hizo ni za kumsaidia mama, si za kuzungukia marafiki kupokea hongera.

Kuna michezo miwili ya kuacha. Wa kwanza ni kumrusha mtoto mdogo juu au kumtikisa. Shingo yake bado haina nguvu, na kutikiswa kwa nguvu kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Wa pili ni mzaha wa kumdhalilisha. Mtoto anayeitwa “kikojozi” mbele ya wageni haachi kukojoa kitandani, anaanza tu kuogopa usiku. Kipimo ni chepesi: kama mtoto anacheka pamoja nawe, endelea. Kama wanacheka wote isipokuwa yeye, acha.

Kamusi ya baba

Sasa tuje kwenye ile kazi ya pili. Wababa wengi hawasemi “naumwa”. Wana lugha yao, na familia inapaswa kuwa na kamusi. Haya ni baadhi ya maneno ya kusikilizwa kwa makini.

“Nimechoka tu.” Uchovu wa siku moja baada ya kulima ni uchovu. Uchovu wa wiki kadhaa ambao haumalizwi na usingizi unahitaji vipimo. Unaweza kuwa upungufu wa damu au kisukari, hasa kama baba anasikia kiu kila mara, anakojoa sana na anakonda. Kipimo cha sukari kikichukuliwa asubuhi kabla ya kula chochote kikasoma 7.0 au zaidi, kirudiwe na aonane na daktari. Presha nayo ni mjanja kuliko baba mwenyewe, kwani mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu anaweza kulima, kucheka na kuimba kwaya huku presha yake iko juu. Kinachoigundua ni kipimo tu. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji matibabu.

“Sijalala, nasikiliza.” Kukoroma kwenyewe si ugonjwa kwa kila mtu. Lakini kama anakoroma kwa nguvu, anakatika pumzi kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka kama aliyekabwa, na mchana anasinzia hata akiwa amekaa na wageni, mweleze daktari. Hali hiyo huambatana na presha, na ni hatari kwa anayeendesha gari au bodaboda. Shahidi muhimu ni mke wake, maana mkoromaji hajisikii.

“Ni baridi tu ya Mbulu.” Baridi ipo kweli, na moshi wa kuni ndani ya nyumba upo. Hata hivyo, kikohozi kikifikisha wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu, zaidi kama kuna jasho la usiku, homa za jioni au kupungua uzito. Ugonjwa huu huwapata wanaume wengi kuliko wanawake, na unatibika. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Baba anayechelewa kupima anaweza kuwaambukiza wale wale watoto anaowachekesha jioni.

“Hii ni malaria tu, itapita.” Kwa wafugaji wa Mbulu na Hanang, neno hili lina hatari yake. Homa inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, jasho, maumivu ya mgongo na viungo, inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika kondo na majimaji wakati ng’ombe au mbuzi anapozaa au kutupa mimba. Kipimo cha malaria hakiwezi kuuonyesha. Baba akifika hospitali, amwambie mhudumu wazi kwamba anafuga. Matibabu yake huwa ni zaidi ya dawa moja, kwa kawaida kwa wiki 6, na yasikatizwe homa ikishuka. Nyumbani, maziwa yachemshwe. Baba akisema kwamba ya mabichi ndiyo yenye nguvu, mwambie nguvu hiyo ndiyo iliyomlaza.

“Ni uzee.” Hivi ndivyo baba anavyosema anapoamka mara nne usiku kwenda chooni, au mkojo unapotoka kwa shida na kwa mkondo mwembamba. Mara nyingi sababu ni kuvimba kwa tezi dume, jambo la kawaida baada ya miaka 50, ambalo lina dawa. Lakini saratani ya tezi dume nayo huanza kimyakimya. Kuanzia miaka 45, mwanaume azungumze na daktari kuhusu kupima, na mapema zaidi kama baba au kaka yake aliugua. Kuna utani mwingi vijiweni kuhusu kipimo cha kidole, na utani huo umewafanya wengi wakimbie. Ukweli ni kwamba mara nyingi hatua ya kwanza ni mazungumzo na kipimo cha damu, kisha daktari ataeleza kama uchunguzi zaidi unahitajika. Hata huo wa kidole huchukua muda mfupi kuliko kumsikiliza baba akieleza jinsi alivyokuwa akitembea kwenda shule enzi zake.

Iko hali moja isiyo na kamusi. Ukiona uso wa baba umepinda upande mmoja, mkono umekosa nguvu ghafla, au maneno yanatoka kama ya mlevi na hajanywa, usikubali jibu la “nimelala vibaya”. Hizo ni dalili za kiharusi. Maumivu ya kubana kifuani pamoja na jasho jingi na kukosa pumzi yanaweza kuwa ni moyo. Tafuta usafiri saa ile ile na umpeleke hospitali. Usisubiri kesho.

Hata Akhwari alifungwa bandeji

Baba atakujibu kwamba mwanaume huvumilia, na kama ni mtu wa Mbulu atakutajia John Stephen Akhwari. Ana haki ya kujivuna. Mwana huyo wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, akaanguka njiani na kuumia vibaya goti. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia inamkumbuka hadi leo.

Lakini mwambie baba aitazame vizuri ile picha maarufu. Mguu wa Akhwari una bandeji. Maana yake, katikati ya mbio, mbele ya dunia nzima, alikubali kuhudumiwa kwanza, ndipo akaendelea. Hakuna aliyesema amepoteza uanaume. Kama Akhwari alipata muda wa kufungwa bandeji akiwa kwenye Olimpiki, baba anaweza kupata nusu saa ya zahanati siku ya mnada.

Namna ya kumfikisha kituoni

Ukimwambia “baba unaumwa,” atabisha. Jaribu njia hizi.

Mtumie mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na ombi ambalo kijana mkubwa akilitoa linaonekana ni amri, mjukuu akilitoa linakuwa mchezo. “Babu, twende tukaone presha ya nani kubwa” imewainua wazee ambao daktari alishindwa kuwainua.

Pimeni pamoja. Mke na mume wakipima wote, hakuna mgonjwa na mpelekaji. Kama mama ni mjamzito, baba aende naye kliniki tangu hudhurio la kwanza, ambako wote wawili hupimwa VVU. Akiwa pale, aombe apimwe na presha yake.

Linda heshima yake. Mambo ya mkojo na tezi dume yasisemwe mezani mbele ya wakwe na watoto. Mwachie nafasi aingie peke yake kwa daktari akitaka, na majibu awe wa kwanza kuyajua.

Akishaandikiwa dawa za presha au kisukari, familia isaidie azimeze kila siku. Wengi huziacha wakijisikia vizuri, na kujisikia vizuri kwenyewe ni kazi ya dawa. Anayehitaji bingwa apewe rufaa mapema. Kwa watu wa Mbulu na Hanang, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikipokea wagonjwa tangu 1955, lakini safari ya kwenda huko ni nyepesi zaidi ukienda kwa miguu yako kuliko ukibebwa.

Na wewe baba unayesoma hapa ukijifanya unatafuta habari za mpira, wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Watoto wako wanaupenda mzaha wako, na wanautaka kwa miaka mingi ijayo. Wiki hii pima presha, sukari na uzito, na kama gazeti linazidi kuwa mbali, pima macho pia. Andika namba zako kwenye karatasi, umpe mama aitunze. Hela, kama kawaida, utasema anayo yeye.