Viungio vya Kemikali na Kusinyaa kwa Zege Linapokauka

Zege linapokauka husinyaa. Zege la kawaida hupoteza takriban sehemu 400 hadi 800 kwa kila milioni ya urefu wake. Hivyo sakafu ya mita 5 inayosinyaa kwa sehemu 600 hupungua milimita 3. Kiasi hicho ni kidogo machoni, lakini zege lililoshikwa na msingi, nguzo au nondo halina pa kwenda, na kwa kuwa ni dhaifu likivutwa, hupasuka. Katika tangi la maji, ufa huo huvujisha maji na kuzifikishia nondo kutu.

Chanzo kimo katika vinyweleo vyembamba vya saruji iliyoganda, vyenye kipenyo cha takriban nanomita 2.5 hadi 50. Maji yanapovukizwa, uso wa yale yanayobaki hujipinda, na mvutano wa uso huo huzivuta kuta za vinyweleo zikakaribiana. Viungio vya kupunguza msinyao, vilivyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, havizuii maji kuondoka. Hupunguza mvutano huo. Vingi ni vya jamii ya glaikoli na etha zake. Vikitiwa kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa saruji, mara nyingi msinyao hupungua kwa robo hadi nusu.

Faida hiyo ina gharama yake, mbali na bei. Zege huchelewa kuganda, na nguvu yake ya kuhimili mgandamizo huweza kushuka kwa asilimia 10 hivi. Kwa kuwa kiungio ni kimiminika, kiasi chake sharti kitolewe katika maji ya mchanganyiko, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi.

Katika Afrika Mashariki mazingira hayafanani. Kiangazi cha Dodoma hukausha zege upesi kuliko hewa ya Mombasa, hivyo majaribio ya maabara yenye unyevu wa asilimia 50 hayatoshi bila ya majaribio ya mahali penyewe. Wala kiungio hakifidii maji yaliyozidishwa kwa ndoo, au zege lisilomwagiliwa katika wiki ya kwanza; penye kasoro hizo, kukinunua ni kupoteza fedha.

Mkataba unaodai nguvu ya siku 28 pekee haumpi mkandarasi sababu ya kuujali msinyao. Kwa matangi, madaraja na sakafu za maghala, kikomo cha msinyao chafaa kiandikwe kando ya kile cha nguvu, na mche wa majaribio upimwe kabla ya zege la kwanza kumwagwa.