SIMU YA MEZANI AFISINI: UTUNZAJI NA ULINZI WAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa kuwa simu za mezani zinazotumika katika afisi nyingi hivi sasa si zile zilizozoeleka miaka iliyopita. Umbo lake halikubadilika sana: mkono wa kusikilizia upo, vibonye vipo, na mlio ni ule ule. Lililobadilika ni lililomo ndani. Kwa kuwa wengi wetu tunaendelea kuzitunza kwa mazoea ya zamani, imeonekana inafaa kueleza namna zinavyofanya kazi, hatari zinazozikabili, na wajibu wa kila anayekabidhiwa.

SIMU YA ZAMANI NA SIMU YA SASA

Simu ya zamani iliunganishwa na kituo cha simu kwa jozi moja ya nyaya. Umeme wake mdogo, wa kiasi cha volti 48, ulitoka katika kituo hicho, na ndiyo maana taa za mji zilipozimika simu iliendelea kulia. Haikuwa na kumbukumbu wala neno la siri. Wasiwasi mkubwa wa mkuu wa afisi ulikuwa ni mtu kupiga simu za mbali bila ya ruhusa, na dawa yake ilikuwa kufuli ndogo iliyotiwa kwenye gurudumu la kuzungushia nambari. Watumishi wa siku nyingi wanaikumbuka vyema kufuli hiyo.

Simu ya sasa hupita katika mtandao wa kompyuta. Sauti ya msemaji hukatwa vipande vidogo vidogo, aghalabu 50 kwa kila sekunde, vikasafirishwa kwa waya ule ule unaopeleka barua pepe na nyaraka, kisha vikaunganishwa tena upande wa pili. Anayepokea na kugawa simu si tena opereta aliyekaa mbele ya ubao wa nyaya, bali ni programu iliyomo katika kompyuta kuu, ambayo pengine haimo hata katika jengo hilo. Itifaki inayotumiwa zaidi na simu hizi ni ile ijulikanayo kwa jina la SIP, ambayo kanuni zake za msingi zinazofuatwa zilitolewa mwaka 2002.

Kwa hiyo kilichopo juu ya meza ni kompyuta ndogo yenye maikrofoni. Ina anwani yake katika mtandao, ina jina la kujitambulisha, ina neno la siri, na ina programu inayoiendesha. Kufuli ya gurudumu haiwezi kuilinda. Inahitaji kufuli za namna nyengine.

HATARI ZENYEWE

Hatari kubwa ni tatu, nazo ni wizi, usikilizaji na ukimya.

Wizi hufanyika hivi. Wahalifu walio mbali hutumia programu kuitafuta mitandao ya simu iliyoachwa wazi kwenye intaneti, wakajaribu nambari za ndani na maneno ya siri mepesi, moja baada ya jengine, mpaka mlango ufunguke. Wakishaingia hupiga simu mfululizo kwenda kwenye nambari za nchi za nje zenye malipo makubwa, ambazo wao wenyewe hupata fungu katika malipo hayo. Kazi hiyo hupenda kufanywa usiku, mwisho wa wiki na siku za sikukuu, wakati afisi zimefungwa na hapana wa kushituka. Hati ya madai huja kwa mwenye mfumo, na kwa afisi ya umma mwenye mfumo ni mlipa kodi.

Usikilizaji si hadithi ya filamu. Mwezi wa Desemba 2012, watafiti Ang Cui na Salvatore Stolfo wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kuwa baadhi ya simu za mezani za kampuni ya Cisco ziliweza kubadilishwa programu yake zikawa zinanasa mazungumzo ya chumbani ilhali mkono wa simu umewekwa mahali pake. Kampuni hiyo ilitoa marekebisho baadaye. Lenye kuzingatiwa ni kuwa maikrofoni iliyo juu ya meza ya daktari, ya hakimu au ya afisa wa ardhi husikia mambo ambayo wenyewe waliyasema kwa kuamini kuwa wapo faragha.

Ukimya ni pale simu inapokufa wakati inahitajika. Jambo hili litaelezwa katika sehemu ya umeme.

DAFTARI KWANZA

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afisi isiyojua ina simu ngapi haiwezi kuzilinda. Chini ya kila simu ya aina hii pamebandikwa kitambulisho chenye herufi na tarakimu 12, ambacho hakifanani na cha simu nyengine. Kitambulisho hicho kiandikwe katika daftari la mali pamoja na nambari ya ndani, chumba ilipo, tundu la ukutani ilikochomekwa, jina la aliyekabidhiwa na tarehe ya makabidhiano.

Simu hizi zina tabia moja ambayo za zamani hazikuwa nayo. Ikichomolewa chumba kimoja na kuchomekwa kwengine katika mtandao huo huo, huenda na nambari yake. Jambo hilo ni la manufaa, lakini lina khatari yake. Nambari za simu za mezani za Unguja na Pemba zote huanza na 024. Simu iliyohamishwa kutoka Vuga kupelekwa Chake Chake bila ya kuandikwa, nambari yake haitomjuulisha yeyote kuwa imevuka bahari. Siku atakapotokea mtu kupiga simu ya msaada kwa simu hiyo akashindwa kusema alipo, wanaomtafuta kwa daftari la zamani watakwenda kisiwa sicho. Kwa sababu hiyo simu isihamishwe bila ya msimamizi wa mfumo kuarifiwa, hata ikiwa ni chumba cha pili.

NENO LA SIRI NA HAKI ZA KILA SIMU

Simu hutoka kiwandani na neno la siri ambalo limeandikwa katika kitabu cha maelezo, na kitabu hicho kinasomwa dunia nzima. Neno hilo libadilishwe kabla simu haijawekwa mezani. Nambari ya siri ya sanduku la sauti isiwe 1234, wala 0000, wala nambari ya ndani yenyewe. Nambari ya siri yenye tarakimu 4 ina namna 10,000 tu za kupangika, na kompyuta huzijaribu zote kwa muda mfupi ikiwa haikuzuiliwa. Ikiwa na tarakimu 6 namna hizo huwa 1,000,000. Aidha, mfumo uwekewe amri ya kumfungia anayekosea mara kadhaa.

Si kila simu inahitaji haki sawa. Simu ya ukumbini au ya mapokezi, ambayo kila apitaye anaweza kuinyanyua, ipewe uwezo wa kupiga nambari za ndani na za dharura tu. Simu za nchi za nje zifunguliwe kwa wale ambao kazi zao zinawalazimu, na ziwekewe kiwango cha matumizi na saa za kutumika. Afisi ambayo haina shughuli na nchi za nje wakati wa usiku haina sababu ya kuuacha mlango huo wazi.

Simu nyingi za aina hii zina matundu mawili, moja la kwendea ukutani na la pili la kuunganishia kompyuta. Katika sehemu zinazoingia wageni, tundu la pili lizimwe na msimamizi, kwani anayechomeka kompyuta yake hapo huwa ameingia katika mtandao wa afisi bila ya kuvunja kitasa. Aidha, mafundi wanashauriwa kuitengea simu njia yake katika mtandao, mbali na ile ya kompyuta, na kuwasha usimbaji fiche, yaani utaratibu wa kuyageuza mazungumzo kuwa mafumbo yasiyofahamika na atakayeyanasa njiani.

PROGRAMU KUUKUU

Mwaka 2019, watafiti wa kampuni ya McAfee walieleza kuwa baadhi ya simu za mezani za Avaya zilikuwa na kasoro iliyokwisha kutangazwa hadharani tangu mwaka 2009. Dawa ilikuwepo kwa miaka kumi. Ndani ya simu ilibaki nakala ya zamani ya programu. Simu zilifanya kazi vizuri kila siku, na kwa sababu zilifanya kazi vizuri hakuna aliyezitazama.

Hili ndilo funzo kubwa kwa wasimamizi. Simu kulia na kusikika si dalili ya kuwa ni salama. Programu zake zikaguliwe kwa ratiba, na marekebisho ya mtengenezaji yatiwe. Kazi hiyo hufanywa kutoka kompyuta moja kwa simu zote kwa pamoja, na inafaa ianzwe kwa simu chache za majaribio, baada ya saa za kazi. Simu ambayo mtengenezaji amekwisha kuacha kuitolea marekebisho ipangiwe kuondolewa.

Simu inayoondolewa, kuuzwa au kukabidhiwa mtu mwengine ifutwe kumbukumbu zake na kurejeshwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Ndani yake mna majina, nambari zilizopigwa na funguo za kuingilia katika mfumo. Mtumishi anapohamishwa au kustaafu, nambari yake na sanduku lake la sauti vifungwe au vikabidhiwe kwa maandishi siku ile ile.

UMEME NA SIMU ZA DHARURA

Simu ya sasa haipati umeme kutoka kituo cha simu. Huupata kutoka afisini, mara nyingi kwa waya wa mtandao wenyewe. Kwa kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2003, kifaa cha kugawia mtandao huweza kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Kifaa hicho kikizimika, simu zote zilizounganishwa nacho huzimika pamoja.

Wananchi wa Unguja hawakusahau kukatika kwa umeme kulikoanza Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya waya wa chini ya bahari kupata hitilafu. Kwa mfumo wa simu za sasa, afisi isiyo na akiba ya umeme katika hali kama ile haitapigika wala haitapiga. Hivyo hospitali, vituo vya zimamoto, bandari na afisi nyengine zinazotegemewa wakati wa dharura zihakikishe kuwa vifaa vya mtandao vina betri za akiba zinazofanya kazi, na kuwa ipo njia nyengine ya kupiga simu, ijapokuwa simu moja ya mkononi iliyotengwa na kutiwa chaji. Aidha, kila baada ya mfumo kufanyiwa mabadiliko, msimamizi ahakikishe kwa utaratibu uliokubaliwa na wahusika kuwa nambari 112 ya Polisi inapatikana kutoka katika simu za afisi yake.

WAJIBU WA WANANCHI

Mwananchi naye ana sehemu yake. Nambari inayoonekana katika kioo cha simu inaweza kughushiwa. Mtu akikupigia akasema yupo Wizarani au hospitalini, na nambari ikaonyesha 024, hiyo peke yake si ushahidi. Akikutaka utume fedha au utaje nambari yako ya siri, kata simu, kisha upige wewe mwenyewe kwa nambari ya afisi hiyo unayoijua, au ufike afisini. Afisa mkweli hatochukia kuthibitishwa.

Watumishi nao wafuate mwendo huo huo. Anayejitambulisha kwa simu kuwa ni fundi na akataka neno la siri la mfumo asipewe. Mlio wa ajabu, simu inayojiwasha wenyewe, au orodha ya simu ambazo hukuzipiga, ni mambo ya kuripotiwa kwa msimamizi siku hiyo hiyo bila ya kungoja hati ya madai mwisho wa mwezi.

Wakuu wa vitengo wanaombwa waanze na lililo jepesi: kupita chumba hadi chumba, kuigeuza kila simu, kunakili kitambulisho chake, na kuuliza ni nani aliyekabidhiwa. Simu itakayokosa mwenyewe ndiyo ya kushughulikiwa mwanzo.